Jinsi ya kupakia kahawa kwenye kontena isije ikanyeshewa humo ndani

Maji yanayodondoka kutoka kwenye paa la kontena la kahawa hayatoki baharini. Hayatoki kwenye mvua ya Hamburg, bandari ya Ujerumani, wala kwenye lile tundu la kutu ambalo kila mtu huanza kulitafuta mlango ukifunguliwa na magunia ya juu yakakutwa na mabaka meusi. Mara nyingi kontena ni zima, mpira wa mlango umekaza, sili haijaguswa. Maji yale yaliondoka mjini Moshi ndani ya punje zenyewe, yakatoka njiani kama mvuke usioonekana, yakakutana na chuma kilichopoa, yakawa matone.

Nasimamia ghala la kahawa hapa Moshi. Mwongozo huu nawaandikia vyama vya msingi na vikundi vya wakulima vinavyoanza kupeleka kahawa yao nje bila kupitia kwa mtu wa kati. Mmelima vizuri, mmeanika vizuri kwenye vichanja, mmepata mnunuzi. Isiwe kwamba jasho la mama wa Kibosho au Rombo liharibike kwenye hatua ya mwisho, ndani ya boksi la chuma, kwa sababu hakuna aliyewaeleza namna tone la maji linavyozaliwa. Ukilielewa hilo, kila ninachokutaka ufanye hapa chini utakiona kina sababu, na siku ukikuta hali ambayo sikuiandika utajua mwenyewe la kufanya.

Maji yako wapi kabla mlango haujafungwa

Anza na hesabu. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya takriban mita za ujazo 33. Chukua hali mbaya kuliko zote: kontena ni tupu, hewa yake ina nyuzi joto 30, na imeshiba mvuke mpaka haipokei zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya namna hiyo ina kama gramu 30 za maji. Zidisha kwa 33, unapata lita moja. Hata mvuke wote ukigeuka maji kwa mara moja, kontena zima litatoa lita moja tu.

Sasa pakia magunia 320 ya kilo 60, mzigo wa kawaida wa kontena hilo. Hizo ni kilo 19,200 za kahawa safi. Unyevu wake ukiwa asilimia 11.5, ambacho ni kiwango kizuri, ndani ya punje hizo mna zaidi ya kilo 2,200 za maji. Lita moja hewani, lita elfu mbili na mia mbili kwenye kahawa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kahawa iliharibika kwa sababu ya hewa nzito ya bandarini, namrudisha kwenye hesabu hii. Hewa ni njia tu. Bohari la maji ni punje, na njia ikikaushwa upande mmoja, bohari linaijaza tena kimyakimya, siku baada ya siku, kwa wiki zote za safari.

Mvuke unavyogeuka tone

Mvuke wa maji ni chembe za maji zinazoruka moja moja hewani. Macho hayazioni. Ule weupe unaouona juu ya birika linalochemka umekwisha kuwa matone madogo sana. Mvuke wenyewe uko pale karibu kabisa na mdomo wa birika, mahali unapodhani hapana kitu.

Kwa kila kiwango cha joto kuna kiasi cha mvuke ambacho hakizidi. Katika mita moja ya ujazo, kwa nyuzi 0 ni kama gramu 5. Kwa nyuzi 10 ni gramu 9. Kwa nyuzi 20 ni gramu 17, na kwa nyuzi 30 ni gramu 30. Tazama namna kinavyokaribia kuongezeka mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Ukishuka upande wa pili ni vilevile: hewa yenye gramu 14 ikiwa na nyuzi 25 haina shida yoyote, ni hewa ya kawaida yenye unyevu wa asilimia 60 hivi. Ipoze polepole. Ikifika kati ya nyuzi 16 na 17 imefika kikomo. Ukishuka chini ya hapo, mvuke uliozidi lazima uwe maji. Kiwango hicho ndicho ninachokiita joto la umande, na ndicho kipimo muhimu kuliko vyote katika kazi hii.

Tone halianzii popote tu. Kwenye uso wowote, chembe za maji zinatua na nyingine zinaondoka muda wote. Uso ukiwa na joto, zinaondoka haraka kama zinavyotua, na unabaki mkavu. Uso ukipoa, zinazoondoka hupungua. Ukipoa kupita joto la umande, zinazotua zinazishinda zinazoondoka, na utando unaanza. Unaanzia penye kitu cha kushikia: punje ya vumbi, doa la kutu, alama ya kidole, mchirizi wa rangi. Hewa safi isiyo na vumbi lolote inaweza kupita kikomo chake bila kutoa tone, lakini hewa ya ghala la kahawa si hiyo, na paa la kontena lililotumika miaka kadhaa limejaa vishikio vya kila aina.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Mvuke unapogeuka maji hutoa joto, na si kidogo: kilo moja ya mvuke hutoa kama kilojuli 2,450, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita saba za maji kutoka nyuzi 20. Joto hilo linaingia kwenye chuma. Kama hakuna kinachoendelea kulichukua, paa litapata joto na matone yatasimama. Lakini juu ya meli inayokata bahari ya baridi, upepo unalichukua joto hilo saa zote za usiku. Paa linabaki baridi, na matone yanaendelea.

Yakishakua yanaungana, yanakuwa mazito, yanateleza kufuata mikunjo ya bati la paa mpaka sehemu ya chini kabisa ya mkunjo, kisha yanadondoka. Ndiyo maana mabaka kwenye magunia ya juu hukaa kwa mistari. Ukiona mistari inayolingana na mikunjo ya paa, huna haja ya kutafuta tundu.

Jipimie mwenyewe kwa kopo na barafu

Kabla ya kununua kifaa chochote, fanya hili. Chukua kopo la maziwa ya unga, bandua karatasi yake, lisugue kwa majivu mpaka ling'ae, likaushe. Tia maji ya kawaida mpaka nusu. Tumbukiza kipimajoto. Ponda barafu ndogondogo, uwe unatia kipande kimoja kimoja na kukoroga taratibu. Usilipulizie kopo pumzi, maana pumzi yako ina mvuke mwingi kuliko hewa ya ghala na itakudanganya. Tazama sehemu ya chini ya kopo kwa pembeni, mwanga ukipita. Punde kidogo mng'ao utafifia. Soma kipimajoto hapo hapo. Kisha acha kutia barafu, subiri, na usome tena pale ukungu unapoondoka. Katikati ya namba hizo mbili ndipo joto la umande la hewa iliyo ghalani kwako.

Lifanye alfajiri, ulifanye tena saa nane mchana, na ulifanye siku ya mvua za vuli. Vijana wangu wa ghala wote hulifanya kwa mikono yao kabla sijawaruhusu kugusa kontena, kwa sababu mtu akishaona kopo kavu likitoa maji bila kuvuja, hakuna tena wa kumwambia kwamba maji ya paa yamepenya kutoka nje.

Hewa iliyo katikati ya punje ina joto lake la umande pia, na hilo halifuati hali ya hewa ya nje bali linafuata unyevu wa kahawa. Kahawa ya asilimia 11 na nusu hivi hukaa na hewa ya karibu asilimia 60. Kwa nyuzi 25, umande wake ni kati ya nyuzi 16 na 17, kama tulivyoona. Kahawa ikiwa asilimia 13 na kuendelea, hewa yake huelekea asilimia 70, na umande unapanda mpaka nyuzi 19. Paa la kahawa hii mbichi litaanza kutoa maji likiwa bado vuguvugu, mapema zaidi katika safari, na litatoa mengi zaidi. Kupima hewa hiyo si kazi ngumu: chukua kile kipimo kidogo cha joto na unyevu wa hewa kinachouzwa kwa bei nafuu, kizamishe katikati ya gunia, funga mdomo, kiache saa moja, ukitoe na kukisoma papo hapo.

Kinachotokea njiani

Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa takriban kuanzia Julai mpaka Desemba. Hiyo ina maana mzigo mwingi unaondoka Tanga na Dar es Salaam wakati Ulaya inaingia kwenye baridi au imo katikati yake. Kontena linafungwa likiwa na joto la kwetu na kufunguliwa mahali ambapo usiku unashuka karibu na nyuzi 0. Mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, safari ikarefuka. Siku zilizoongezeka ni siku ambazo kahawa inaendelea kutoa mvuke.

Hata hivyo usidhani hatari inaanzia Ulaya. Inaanzia uwanjani bandarini. Mchana jua linachoma paa la chuma, magunia ya juu na ya pembeni yanapata joto, punje zake zinatoa mvuke. Usiku paa linapoa haraka kuliko mzigo. Anga likiwa wazi bila mawingu, chuma hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani na kinaweza kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. William Charles Wells, daktari aliyefanya kazi London, alilionyesha jambo hili kwa umande wa kawaida: aliweka vifungu vidogo vya sufu nje usiku, akavipima uzito asubuhi, na mwaka 1814 akaeleza kwamba umande haunyeshi kutoka juu bali ni mvuke wa hewa uliogusa kitu kilichopoa. Paa la kontena lililokaa juu kabisa uwanjani liko katika hali ile ile ya sufu yake, ila lenyewe lina umande nje na ndani.

Matone ya usiku yanalowesha magunia ya juu. Kesho yake jua likiwaka, magunia hayo yaliyolowa yanatoa mvuke mwingi kuliko jana. Usiku unaofuata matone yanakuwa mengi zaidi. Mzunguko huu unakokota maji kutoka katikati ya mzigo na kuyalundika juu, mpaka unakuta kahawa ambayo kwa wastani ni kavu, lakini tabaka la juu limeota ukungu wa kuvu. Hapo hasara si rangi na ladha peke yake. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ya okratoksini A, ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo chake mwaka 2023 mpaka mikrogramu 3 kwa kilo moja ya kahawa iliyokaangwa. Mnunuzi hawezi kulifumbia macho hilo hata kama anakupenda.

Kwanza kabisa, unyevu wa kahawa

Shirika la Kimataifa la Kahawa limeweka asilimia 12.5 kuwa mpaka wa juu wa kahawa ya kusafirishwa. Mimi kwa mzigo unaokwenda kwenye baridi nataka kati ya 11 na 11.8, na sibishani sana juu ya hilo. Lakini wastani usikutulize. Ukipima magunia kumi ukapata wastani mzuri, huenda manane ni makavu na mawili ni mabichi, na yale mawili ndiyo yatakayolilowesha paa. Pima kila shehena ilipotoka, pima gunia moja moja kwa mkuki wa sampuli, na gunia linalozidi liweke pembeni lisipakiwe leo. Kipimo chako cha unyevu kilinganishe na cha maabara mwanzo wa kila msimu, maana kipimo kinachopotoka kwa asilimia moja kwenye tani 19 kimekuficha kilo 190 za maji.

Kahawa iliyotoka kukobolewa ikiwa bado ina joto la mashine isipakiwe siku hiyo hiyo. Iache ghalani ipoe mpaka ilingane na hewa. Kahawa ya moto ndani ya kontena la usiku ni njia fupi kuliko zote ya kupata matone, na haihitaji hata kufika Dar es Salaam.

Kontena lenyewe

Likague mchana, jua likiwaka. Ingia ndani, mwenzako afunge milango na abaki nje ameshika kitasa, asiondoke hata dakika moja. Simama mpaka macho yazoee giza. Ukiona nukta yoyote ya mwanga, rudisha kontena. Kisha nusa. Harufu ya samaki, ngozi, mafuta au dawa haitoki kwa kufagia, na kahawa hunyonya kila kitu.

Baada ya hapo piga magoti uangalie sakafu. Watu wengi husahau kwamba sakafu ya kontena ni mbao, na mbao hubeba maji. Kontena likitoka kuoshwa jana linaweza kuonekana kavu juu huku mbao zikiwa zimeshiba. Kipimo cha unyevu wa mbao kinachochomwa kwa sindano hakikosekani kwangu. Zaidi ya asilimia 18 silipokei. Usipokuwa nacho, tandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa mkeka mdogo sakafuni, kibane pembeni kwa utepe, kiache saa kadhaa juani milango ikiwa wazi. Ukikuta kimetoa ukungu upande wa chini, sakafu ina maji. Paleti mbichi zina ugonjwa huo huo, na mimi huona afadhali kupakia bila paleti kuliko kutumia paleti zilizolala nje kwenye mvua.

Hayo matundu madogo yaliyo juu pembeni mwa kontena la kawaida yasikupe matumaini. Kazi yake ni kusawazisha hewa joto linapobadilika. Hayapitishi upepo wa kutosha kukausha mzigo wa tani 19.

Siku ya kupakia

Usipakie mvua ikinyesha, wala isipokatika vizuri. Dereva atakuja amechelewa, atakuambia: "Shikamoo mama, tupakie tu, haya ni manyunyu." Mwitikie marahaba yake, mpe chai, na mlango ubaki umefungwa. Gunia la juti likinyeshewa manyunyu ya hatua chache kutoka ghalani hadi kwenye lori hubeba maji kwenye nyuzi zake, na magunia 320 ni nyuzi nyingi. Siku za vuli, Novemba na Desemba, nataka turubai kati ya mlango wa ghala na kontena hata kama mbingu ni nyeupe asubuhi. Saa nzuri kwa kawaida ni kuanzia saa nne asubuhi, umande wa alfajiri ukishakauka juu ya chuma.

Tandika ndani yote kwa karatasi nene za kaki au maboksi yaliyofunguliwa: sakafu, kuta, na mwishoni kabisa juu ya magunia ya juu, mpaka mlangoni. Karatasi hufanya kazi mbili. Inalitenga gunia na chuma, na tone likidondoka inalinyonya na kulitawanya, halafu mchana inalirudisha hewani kidogokidogo, badala ya kuliacha lipenye moja kwa moja kwenye punje. Ndiyo maana sikubali nailoni juu ya magunia. Inazuia tone la juu, ni kweli, lakini mvuke unaopanda kutoka kwenye mzigo unakutana nayo kwa chini, inapoa kama paa lilivyopoa, na matone yanazaliwa upande wa ndani, yakiwa yamegusana na gunia. Umelihamisha paa tu, ukalileta karibu.

Panga magunia yakipishana, la juu likikalia pengo la mawili ya chini, ili rundo lijishike lenyewe bila kuegemea ukuta. Acha nafasi chini ya paa. Pale ambapo gunia linagusa bati, maji hayahitaji hata kudondoka. Makuli waambieni mapema wasitumie ndoano, maana punje zinazomwagika kwenye kona huoza na kuanzisha kuvu.

Mifuko ya kufyonza unyevu itumieni, lakini mjue mipaka yake. Ile ya kloridi ya kalsiamu hufyonza zaidi ya uzito wake wenyewe na kugeuza maji kuwa ute mzito unaobaki ndani ya mfuko. Yote kwa pamoja inaweza kukamata kilo kadhaa za maji katika safari, na kilo hizo kadhaa ndizo zingedondoka, kwa hiyo msaada wake ni wa kweli. Haiwezi kuikausha kahawa mbichi yenye maji zaidi ya tani mbili. Iningʼinizwe kwenye mikunjo ya kuta, kwenye pete zilizomo, isilale juu ya magunia kamwe. Na isifunguliwe kutoka kwenye vifungashio vyake mpaka gunia la mwisho limeingia. Nimeona mahali mifuko imefunguliwa asubuhi na kupakia kukaisha jioni. Imeshiba hewa ya nje kabla ya kuanza kazi.

Picha ni lazima: sakafu tupu, kuta zilizotandikwa, kila safu kadhaa, mifuko ilivyoning'inizwa, tabaka la juu lilivyofunikwa, mlango, namba ya sili. Ziweke pamoja na karatasi ya vipimo vya unyevu na joto la umande la siku hiyo.

Kwenye karatasi za meli, omba kontena liwekwe chini ya sitaha, mbali na vyanzo vya joto. Chini ya sitaha halipigwi na jua wala halitazami anga usiku, na joto lake hupanda na kushuka polepole. Kampuni haitakuahidi kila mara, ila ombi lililoandikwa lina uzito kuliko lililotamkwa kwa simu. Na fanya hesabu ya tarehe: kontena lifike bandarini karibu na siku ya kupakiwa melini. Siku kumi za kukaa juani uwanjani zinaweza kuwa mbaya kuliko siku kumi za baharini.

Mzigo ukifika

Mwombe mnunuzi alifungue mapema. Akikuta mabaka, kabla ya kusogeza gunia hata moja apige picha za paa na za tabaka la juu, kisha apime unyevu wa gunia la juu, la katikati na la chini. La juu likiwa bichi na la katikati likiwa kavu kuliko ulivyoandika wakati wa kupakia, maji yamehama ndani ya mzigo. Mabaka yakiwa sehemu moja tu, karibu na kona au mlango, hapo ndipo pa kuchunguza uvujaji.

Wakaguzi wa bima hutumia nitrati ya fedha kutambua maji ya bahari: tone lake kwenye gunia lililolowa chumvi hutoa weupe kama maziwa. Maji ya paa ni maji safi, hayatoi weupe huo. Lakini mfuko wa kloridi ya kalsiamu ukipasuka na ute wake kumwagika, nao utatoa weupe ule ule, kwa sababu kinachojibu ni kloridi na si bahari. Kwa hiyo kabla ya kukubali kwamba kontena liliingiza maji ya chumvi, hakikisheni mifuko yote imehesabiwa na imekutwa mizima.

Kuna hali moja inayokwenda kinyume na zote nilizoeleza, na huwakuta wanaopokea mzigo mwishoni mwa baridi, Machi au Aprili. Kahawa imekaa wiki kadhaa kwenye baridi, katikati ya rundo bado ni nyuzi 5 au 6, na ghala la kupokelea lina hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu. Hapo paa ni salama. Kitu baridi ni kahawa yenyewe. Ukifungua mlango na kuanza kushusha, umande unaanguka kwenye gunia lenyewe na kwenye punje. Kwenye barua inayokwenda na mzigo huwa ninamwandikia mnunuzi achomeke kipimajoto kirefu katikati ya gunia la mlangoni, apime joto la umande la ghala lake, na kama kahawa ni baridi kuliko umande, afunge mlango na asubiri kahawa ipate joto kwanza. Kama gharama za kuchelewesha kontena hazimruhusu kusubiri, basi ashushe saa ambayo hewa yake ni kavu zaidi, na magunia ayapange yakiwa na nafasi katikati, feni zikipuliza, mpaka uso wa gunia ukauke kabla ya kuyarundika.